Kosa la Chapa

Notisi waliibandika langoni Jumanne,
gundi mbichi bado, ikichuruzika
juu ya rangi ya kijani aliyoipaka baba
mwaka niliofanya mtihani wa darasa la nane.
Nilidhani ataichana.
Akavaa miwani.
"Nafasi kati ya mistari si sawa," akasema.
"Aliyepanga herufi hizi hajui kazi."

Miaka thelathini na mmoja, Barabara ya Kirinyaga,
kati ya muuza springi na fundi wa betri,
baba alipiga chapa kila ulichotaka kusema mji huu:
kadi za harusi, ratiba za mazishi,
vitabu vya risiti, kalenda za wauza nyama,
na ndiyo, notisi za madalali,
nyumba za watu kwa herufi nzito,
karatasi ya manjano ili ionekane toka mbali.
Madalali walilipa taslimu.
Hakuuliza ni nyumba za nani.
Hilo alinieleza juzi tu, bila kunitazama.

Kisha ikaja kazi ya kaunti:
fomu za zahanati, laki mbili, rangi mbili.
Akachapa. Wakapokea. Wakatia sahihi.
Akaandika ankara, na chini yake
kodi, asilimia kumi na sita.
Malipo yanakuja, walisema.
Faili iko mezani.
Mwenye meza yuko semina, Naivasha.
Mwenye meza amehamishwa.
Meza yenyewe imehamishwa.

Lakini sheria husoma tarehe ya ankara:
siku uliyoandika ndiyo siku unayodaiwa.
Basi serikali iliyokula jasho lake
ikamdai fungu la pesa ambazo haijampa,
kisha adhabu,
kisha riba, mwezi kwa mwezi,
deni likakua kama mtoto wa jirani:
ukigeuka, limekupita kimo.

Milimani. Kiti kilichovunjika mgongo.
Wakili wa mamlaka, kijana mpole wa soksi za mistari,
alitamka "Bwana Mwandoe" kama anayempa mkono wa pole.
Baba akainua kikasha cha viatu,
ankara zote ndani, kwa mpangilio wa tarehe.
"Mheshimiwa, wanaonidai ndio ninaowadai.
Si tukate huku na huku, tumalize?"
Jaji akaweka kalamu chini,
na kwa kitambo hicho niliamini.
Kisha akaeleza, taratibu, bila ubaya,
kwamba kaunti ni mkono mmoja, mamlaka ni mkono mwingine,
na mbele ya sheria mikono hiyo haijuani.
Mtu akacheka nyuma. Baba hakugeuka.
Dawa ya deni kulipa, tulifundishwa shuleni.
Hatukuambiwa nani hunyweshwa kwanza.

Mama amekwisha kupima mapazia,
kana kwamba anayajua madirisha tutakayohamia.
Majirani wa Buruburu wanapita langoni
wakisalimia kwa sauti kubwa kuliko kawaida,
macho yao yakisoma upesi:
mnada, tarehe kumi na nne, saa tano kamili.

Leo alfajiri sikumkuta kitandani.
Yuko nje, na fulana yake ya kulalia,
kalamu nyekundu mkononi.
Amesahihisha jina: MWANDOWE amekata herufi moja.
Palipoandikwa vyumba viwili ameandika vitatu,
maana cha tatu alikijenga mwenyewe,
tofali kwa tofali, kwa pesa za kalenda.
"Wakiuza," akaniambia, "wasiuze pungufu."
Kisha pembezoni akatia ile alama ya zamani,
duara lenye mkia,
ambayo waliobaki kuijua mjini hawafiki kumi:
Isitoke hivi.
Irudishwe kwa mpigachapa.